Kutafuta Dafina kwa Miguu Kando ya Mto Tana

Jiokashi ni mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa kwa kufuata nambari za latitudo na longitudo. Mtu mmoja huficha kopo mahali fulani, hupapima kwa kifaa cha GPS, kisha huzitangaza nambari zake kwenye intaneti. Wengine huzichukua nambari hizo, hutembea hadi pale, na huanza kupekua: chini ya jiwe, katika uwazi wa shina la mti, nyuma ya ukuta uliobomoka. Wakilipata kopo huandika majina yao katika daftari lililomo ndani, hulirudisha lilipokuwa, na kwenda zao. Katika makala haya kitu hicho kitaitwa dafina, ingawa mara nyingi ndani yake hamna cha kuuzwa hata kwa shilingi kumi. Wanaoupenda mchezo huu huenda wawili, watatu au kundi zima la marafiki, na siku yote huwa ya kutembea.

Umri wa mchezo ni mdogo. Mfumo wa GPS ulijengwa na jeshi la Marekani, na kwa miaka kadhaa jeshi hilo lilivuruga kwa makusudi ishara iliyowafikia raia, hata kifaa cha kawaida kikawa kinakosea kwa mita 100 hivi. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Rais Bill Clinton iliondoa uvurugaji huo. Kesho yake Dave Ulmer, mkazi wa jimbo la Oregon, alificha ndoo porini karibu na Beavercreek. Ndani alitia daftari, penseli, vitabu, manati na kopo la maharagwe, akazitangaza nambari za mahali na kutoa sharti moja: anayechukua kitu aache kitu. Ndoo ilipatikana ndani ya siku chache. Septemba ya mwaka huohuo Jeremy Irish alifungua tovuti ya kukusanya orodha za dafina, na leo zipo zaidi ya milioni tatu katika pande zote za dunia. Waingereza wana mchezo wa kale unaokaribiana na huu. Mwaka 1854 kiongozi wa watembezi aitwaye James Perrott aliweka chupa penye dimbwi la Cranmere, katika nyika ya Dartmoor, ili wanaofika huko waache humo kadi za majina yao. Kilichoongezwa na GPS ni usahihi.

Usahihi huo unatoka mbali. Setilaiti za GPS huzunguka dunia mara mbili kwa siku katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutuma bila kukoma habari za saa yake na mahali ilipo. Simu hupima muda ambao ishara imechukua njiani, na kwa kuzisoma setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali ilipo. Kazi hiyo haihitaji mtandao wa simu wala bando. Pasipo mtandao kinachokosekana ni picha ya ramani tu, nayo inaweza kupakuliwa mapema. Pwani ya Kenya yenyewe imeshiriki katika historia ya vyombo vya angani. Anayesafiri kutoka Malindi kwenda Garsen, mji ulio kando ya mto Tana, hupita upande wa Ngomeni, ambako Waitaliano walijenga kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kutoka majukwaa yaliyosimikwa baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ilipewa jina Uhuru.

Kusoma nambari za dafina si kazi ngumu. Mji wa Garsen uko karibu na nyuzi 2 na dakika 16 kusini mwa ikweta, na nyuzi 40 na dakika 7 mashariki. Uzi mmoja ni sawa na kilomita 111 hivi na umegawanywa kwa dakika 60, kwa hiyo dakika moja ni kama kilomita 1.85. Wachezaji huandika dakika kwa tarakimu tatu za desimali, na tarakimu ya mwisho ikibadilika kwa moja, mahali husogea chini ya mita mbili. Hata hivyo simu yenyewe hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti iliyofungamana hukosea zaidi. Nambari humfikisha mtu jirani na dafina, na kuanzia hapo hutegemea macho yake.

Katika nchi za kaskazini ya dunia siku zinazopendwa kwa matembezi haya ni za Septemba hadi Novemba, wakati joto limepungua na majani ya miti yanapukutika. Bonde la Tana halina msimu wa namna hiyo, lakini Septemba na Oktoba zina faida yake huku. Maji ya masika yamekwisha kushuka, upepo wa kusi unaelekea ukingoni, na vuli bado haijaanza. Ardhi nyeusi ya bonde, ambayo wakati wa mvua hunasa mguu hadi kwenye muundi, huwa imekauka na kupasuka. Mbayuwayu na ndege wengine wahamiaji huanza kufika wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia, wakaungana na mwari, kwarara na yangeyange ambao ni wenyeji wa mabwawa ya huko.

Hata hivyo mtembezi asiyeujua mto huu asidanganywe na anga jeupe la Garsen. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000, na maji yake hutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua. Mvua ikinyesha kule juu, mto hufura katika delta siku kadhaa baadaye, hata kama Garsen haijapata tone. Mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, likiwemo bwawa kubwa la Masinga lililokamilika 1981, hupunguza nguvu ya mafuriko mengi lakini hayazuii yaliyo makubwa. Wakazi hawajasahau gharika ya 1961, El Niño ya 1997 na 1998, wala mafuriko ya 2018 na yale ya mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024. Kuanzia mwisho wa Oktoba ni lazima kuuliza habari za mto kabla ya kuondoka mjini.

Garsen iko katika Kaunti ya Tana River, mahali ambapo barabara itokayo Malindi inagawanyika: moja hupanda Hola na Garissa, nyingine huvuka bonde kwenda Witu na Lamu. Kandokando ya mto wanaishi Wapokomo, wakulima wa migomba, mpunga, mahindi na maembe. Nyanda za nje ni malisho ya Waorma na Wawardei. Wapo pia Wamunyoyaya, Wagiriama, Wabajuni, wavuvi Waluo na wengine. Njia ambazo mifugo hupita ili kufika majini huitwa malka, na kwa anayekwenda kwa miguu ndizo njia zilizo wazi kuliko zote. Lakini Septemba na Oktoba ndio wakati ambapo makundi makubwa ya ng'ombe hushuka deltani kutoka mbali kutafuta maji na nyasi. Malka si njia ya watalii. Kundi la marafiki likikutana na ng'ombe husimama kando, husalimu, na huacha wanyama wapite kwanza. Mashamba nayo hayakatizwi. Ugomvi wa malisho na mashamba umewahi kumwaga damu nyingi hapa, na mauaji ya 2012 na mwanzoni mwa 2013 bado ni kidonda kwa familia za pande zote mbili. Mgeni anayekanyaga mpunga wa mtu kwa sababu simu imemwonyesha njia ya mkato anachezea jambo zito.

Kwa sababu hiyohiyo mchezo wa jiokashi hauwezi kuletwa Garsen kama ulivyo Oregon. Kopo lililofungwa na kufichwa kando ya njia ni kitu cha kutisha katika eneo hili. Barabara ya kwenda Lamu imewahi kushambuliwa na Al-Shabaab kwa bunduki na kwa mabomu ya kutegwa, na polisi au mchungaji akiona mkebe chini ya kichaka hana sababu ya kudhani ni mchezo. Wageni wanaoinama vichakani huku wakitazama simu hutiliwa shaka pia, na wenye kuwashuku wana haki. Yako na mengine: nyani hufungua kila kinachofunguka, na mafuriko huzoa kilichosalia. Uamuzi wa makala haya ni kwamba asifiche mtu kopo lolote katika bonde la Tana.

Mchezo wenyewe una jibu. Tangu 2004, kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani, kumekuwa na aina ya dafina isiyokuwa na kopo. Mahali penyewe ndipo dafina. Anayeandaa huchagua sehemu ambayo ardhi ina la kufundisha, huomba ruhusa ya wenye ardhi, na hutunga maswali ambayo hayajibiki ila kwa kufika na kutazama. Anayefika huandika majibu na kumpelekea mwandalizi. Ipo pia aina nyingine inayohusu majengo, makaburi na kumbukumbu, ambako mchezaji hujibu swali au hupiga picha. Katika aina zote mbili hakuna kinachoachwa wala kinachochukuliwa. Delta ya Tana imejaa mahali pa namna hiyo kuliko sehemu nyingi za pwani.

Pa kwanza ni mto wenyewe, kwa kuwa haukai mahali pamoja. Tana hubeba matope mengi na hupita katika nchi tambarare, hivyo hupinda mara kwa mara. Penye kona, maji yaendayo kasi hula ukingo wa nje, na yale ya polepole huacha mchanga ukingo wa ndani. Mwaka hadi mwaka kona huzidi kukunjika, mpaka siku moja gharika inakata shingo yake na mto unanyooka. Kona iliyoachwa hubaki na maji yaliyosimama, yenye umbo la hilali. Maziwa mengi ya delta ni mabaki ya mto na hulishwa na mafuriko yake. Mojawapo ya yanayojulikana ni Shakababo, upande wa kijiji cha Ngao, ambako wavuvi hupata kambare na perege. Mafuriko yakikosekana kwa misimu kadhaa, maziwa haya hunywea na uvuvi hufa. Swali jema kwa anayefika ukingoni mwa ziwa la namna hii ni kutafuta ukingo upi umesimama wima na upi unashuka polepole, kisha aseme zamani mto ulikuwa ukipinda kuelekea wapi. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kulijibu.

Tabia hiyo ya mto ndiyo inayofanya nambari za setilaiti ziwe na maana ya pekee hapa. Nambari hazisogei, mto unasogea. Kijiji kilichojengwa ukingoni wakati wa mababu kinaweza leo kuwa mbali na maji, na penye shamba pakawa na mkondo. Mfano mkubwa ni mfereji wa Belezoni. Katika karne ya 19 mtawala wa Witu aliuchimbisha ili mitumbwi iweze kutoka Tana na kuingia mto Ozi, hadi bandari ya Kipini. Mto ukaupenda mfereji. Maji yaliupanua, na baadaye Tana yote ikahamia huko. Mlango wake wa zamani ulikuwa kusini magharibi zaidi, katika Ghuba ya Ungwana, na leo mto humwaga maji yake Kipini. Mahali ambapo kazi ya majembe ya watu iligeuza njia ya mto mkubwa kuliko yote nchini panastahili kufikiwa, na panastahili kuandikwa vizuri kuliko ilivyofanywa hadi sasa.

Kipini na jirani zake kuna zaidi. Magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili uliokuwa na misikiti na makaburi ya mawe na ulioachwa katika karne ya 17, yalichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechapisha kitabu chake juu ya mji huo mwaka 1966. Huko Ozi ndiko wenyeji huonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liongo, shujaa na mshairi ambaye kila msomaji wa Kiswahili amelisikia jina lake. Katika magofu hakuna kuinua jiwe wala kuchukua kigae. Sheria ya Kenya inayalinda, na Makavazi ya Kitaifa ndiyo yenye mamlaka juu yake. Upande wa Garsen kuna Golbanti, kituo cha wamisionari Wamethodisti, ambako mwaka 1886 Mchungaji John Houghton na mkewe waliuawa katika uvamizi wa Wamaasai. Ngao, kijiji jirani, ilianzishwa kama kituo na wamisionari Wajerumani wa Neukirchen katika miaka ya 1880. Wapokomo wanaoishi vijijini humo ndio waliolipa taifa wimbo wake: muziki wa wimbo wa taifa wa Kenya ulitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Kipokomo.

Kaskazini mwa Garsen, kuelekea Hola, iko misitu ya ukingoni ambamo wanaishi aina mbili za nyani wasiopatikana mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana mwenye kishungi. Makazi yao yote ni vipande vya msitu kandokando ya mto katika umbali wa kilomita 60 hivi. Hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 169 ilitangazwa kwa ajili yao mwaka 1976, na kambi ya utafiti ya Mchelelo imo ndani yake. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi hiyo haikuundwa kwa kufuata sheria, kwa kuwa wenyeji hawakushauriwa. Somo la uamuzi huo linamhusu mtembezi pia, maana msitu una wenyewe. Mikuyu, mikindu na mikwaju ya humu hunywa maji ya chini ya ardhi yanayojazwa na mto, na miche mipya hutegemea mafuriko yaje kwa wakati. Kwa hiyo mabwawa ya mbali yanagusa hata chakula cha mbega. Anayetaka kumwona aende alfajiri, anyamaze, atazame juu. Penye nyani hakuliwi ndizi wala hakuachwi maganda.

Siku ya matembezi huanza siku iliyotangulia. Kiongozi wa kundi huenda kwa chifu na kituo cha polisi, hueleza wako wangapi, watapita wapi na watarudi saa ngapi, na huuliza kama njia ni salama wiki hiyo. Akiambiwa hapana, safari huahirishwa bila mabishano. Wazee nao hupigiwa hodi: Wapokomo wana baraza lao la Gasa, Waorma wana Matadeda, na neno la wazee hufungua milango ambayo barua ya ofisi haifungui. Mwongozaji ni wa lazima. Achaguliwe kijana wa kijiji kile kile kinachotembelewa, alipwe ujira uliopatanwa mapema, na ndiye atangulie. Simu ifuate nyuma yake. Kundi la watu wanne hadi wanane linatosha. Likizidi hapo huwa vigumu kunyamaza na vigumu kuvushwa kwa mtumbwi mmoja.

Kuondoka kuwe saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tano jua la Garsen huwa kali, na mwenye busara huwa amekwisha kaa chini ya mwembe. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita tatu, kofia, viatu vilivyofunika vidole, na nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbung'o na miiba. Simu ichajiwe usiku, ramani ipakuliwe, na nambari zote ziandikwe kwenye karatasi pia, kwa kuwa betri huisha na karatasi haiishi. Dawa ya mbu haisahauliki jioni ikikaribia, malaria ipo.

Hatari kubwa zaidi imo majini. Viboko hutoka mtoni jua likizama kwenda malishoni na hurudi alfajiri kwa njia zao zilezile, ambazo hutambulika kwa mitaro miwili ya miguu iliyochimbika ukingoni. Kusimama kati ya kiboko na maji ni kujitafutia kifo. Mamba hana dalili yoyote, kwa hiyo hakuna kunawa, kuchota wala kuinama penye ukingo hata kama wenyeji wanafua mita hamsini kutoka hapo. Wao wanaijua sehemu ile, mgeni haijui. Kuvuka kuwe kwa mtumbwi wa mvukishaji anayejulikana, abiria wakiwa wamekaa. Saa kumi na moja jioni kundi liwe limerudi barabarani.

Tarehe 7 Septemba 2012 hekta 163,600 za Delta ya Tana ziliandikishwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hadhi hiyo ni kubwa, lakini watoto wengi wanaosoma Garsen, Tarasaa na Ngao hawajawahi kupelekwa na walimu wao kulitazama ziwa la hilali wala mdomo wa Belezoni kwa jicho la somo. Kuandaa dafina zisizo na makopo hakuhitaji fedha. Kunahitaji simu moja, daftari, mzee mmoja anayekumbuka mto ulikopita, na mwalimu wa jiografia aliye tayari kutembea. Walimu wa Garsen waanze wao, kabla wageni hawajaja kuwaandikia nambari za kwao.